Kadi ya Kura Imeanguka Mlangoni: Uchaguzi wa Manispaa Uingereza Unahusu Nini Hasa?

Baba mdogo wangu anayeishi Dagenham, mashariki mwa London, aliikuta kadi kwenye zulia la mlangoni pamoja na vipeperushi vya piza. Akaisoma nusu, akaitupa kwenye pipa la karatasi. Jioni akaandika kwenye grupu la ukoo: "Wamekosea hawa. Mimi natembelea pasipoti ya Tanzania, kura zao zinanihusu nini?"

Ndani ya nusu saa kila mtu alikuwa mtaalamu. Shangazi akaonya kwamba asiye raia akipiga kura anarudishwa kwao. Mwingine, aliye Nairobi, akauliza kama huo ndio uchaguzi wa kumng'oa Waziri Mkuu. Binamu wa Leicester akasema yeye humpigia yeyote atakayepunguza wahamiaji, maana nchi imejaa. Binamu huyo alitua Heathrow mwaka 2009 na begi la kuazima.

Mjadala ule ulibeba karibu kila kosa ninalolisikia kuhusu uchaguzi huu. Tuufumue uzi mmoja mmoja.

Boma lao na boma letu

Manispaa, Waingereza huiita borough. Ni neno la kale, na asili yake ni mahali palipozungushiwa ngome. Limejificha hadi leo kwenye mikia ya majina kama Peterborough, Middlesbrough na Canterbury. Mswahili hahitaji kamusi hapo, hilo ni boma. Na kama kwetu boma lilivyoanza kuwa uzio na ngome, kisha likawa ofisi ya mkubwa wa wilaya ambako watu huenda kulipa na kushtaki, ndivyo na la kwao lilivyogeuka kuwa serikali ya mtaa.

London ina manispaa 32 zilizoanza kazi mwaka 1965, mbali na eneo dogo la katikati linaloitwa City, ambalo lina utaratibu wake wa kizamani. Anayeijua Dar es Salaam hapati shida: mji ni mmoja, lakini Kinondoni ina halmashauri yake, Temeke yake, Ubungo yake. Kila manispaa imegawanywa katika kata (Wakenya, someni wadi), na kila kata huchagua diwani mmoja, wawili au watatu. Madiwani wote wakikaa pamoja ndio kaunsili, ileile tunayoitaja tukisema nyumba za kaunsili na kodi ya kaunsili.

London huchagua madiwani wake wote kwa siku moja, kila baada ya miaka minne: 2018, 2022, 2026. Kwingine England mambo hutofautiana. Miji kama Manchester na Leeds huchagua theluthi moja ya madiwani kila mwaka kwa miaka mitatu, wa nne hupumzika. Kwa hiyo nduguyo wa Leeds akikwambia "mwaka huu tunapiga tena", usidhani anatia chumvi.

Baba mdogo anaruhusiwa?

Anaruhusiwa, na hakuna aliyekosea kumtumia kadi. Raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kwa kibali halali, akishatimiza miaka 18 na kujiandikisha, anapiga kura. Si lazima awe na uraia wa Uingereza wala kibali cha kudumu. Mwanafunzi wa Kitanzania mwenye viza ya masomo anapiga, muuguzi wa Kikenya aliyekuja juzi kwa viza ya kazi anapiga. Haya ni mabaki ya enzi za dola, wakati watu wa makoloni walihesabiwa kuwa raia wa mfalme mmoja. Dola ilikwenda, kipengele kikabaki.

Mstari huu umepita mahali pa ajabu. Rwanda na Burundi zote zilitawaliwa na Wajerumani, kisha Wabelgiji. Ila Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola mwaka 2009, Burundi haimo. Basi kwenye jengo moja la ghorofa, Mnyarwanda wa chini anapiga kura, na Mrundi wa juu yake, anayelipa kodi ileile na kutupa taka kwenye pipa lilelile, hapigi mpaka apate uraia wa Uingereza. Msumbiji imo tangu 1995. Kongo haimo, wala Oman.

Walioingia na pasipoti za Ulaya wana kanuni zao. Waliokuwa wakiishi Uingereza kihalali tangu kabla ya mwaka 2021 wameachiwa haki hiyo. Waliokuja baadaye inategemea nchi, kwa kuwa Uingereza ina mapatano na chache tu, kama Ureno, Hispania, Poland na Denmark. Na haya yote ni ya England. Wales na Scotland zimefungua mlango zaidi: humo mgeni wa nchi yoyote anayeishi kihalali anapiga kura za mitaa, na umri ni miaka 16.

Shangazi na hofu yake ya kurudishwa kwao, basi? Kosa ni kudanganya uraia wako ili uandikishwe. Ukijaza fomu kwa ukweli, nawe una haki, kupiga kura hakukuharibii kibali wala ombi la uraia.

Kugombea ni ngazi nyingine. Hapo raia wa Madola anahitaji kibali cha kuishi bila kikomo, pamoja na uhusiano na eneo: awe ameandikishwa humo, au ameishi au kufanya kazi humo miezi 12. Ada hakuna. Zinatakiwa saini mbili tu za wapiga kura wa kata, na ukitaka kusimama bila chama, unasimama. Kwa sisi tuliozoea kwamba bila chama hugombei hata udiwani, hili huchukua muda kuliamini.

Mameya wanne, mji mmoja

Hapa ndipo watu hupotea kabisa, na siwalaumu.

Yuko Meya wa London nzima, Sadiq Khan tangu 2016. Anashughulika na mabasi, treni za chini ya ardhi, polisi na mipango ya jiji zima. Huchaguliwa siku nyingine, mwaka mwingine. Yuko meya wa City, wa kale, mwenye gari la farasi na mavazi ya dhahabu. Halafu ndani ya manispaa nyingi yumo meya wa heshima: diwani ambaye wenzake humvika mkufu kwa mwaka mmoja, akafungua shule na kukata utepe. Madaraka hana. Wa nne ni meya mtendaji, anayechaguliwa na wananchi wenyewe na kuiendesha manispaa. Katika London wamo watano tu wa aina hiyo: Hackney, Lewisham, Newham, Tower Hamlets na, tangu 2022, Croydon.

Ukiwa kwenye manispaa hizo tano, siku ya uchaguzi unapewa karatasi mbili, ya meya na ya madiwani. Kwingine unapewa ya madiwani peke yake. Kisha madiwani ndio wanaomchagua kiongozi wa kaunsili, naye huunda baraza lake dogo. Ni kama bungeni: chama chenye viti vingi ndicho kinachotoa mkubwa.

Kilichomo mikononi mwa diwani

Mapipa ya taka, kila mtu anajua. Lakini pipa ni sehemu ndogo ya hesabu. Fedha nyingi za manispaa humezwa na mambo ambayo hutayaona mpaka yakufike: kumhudumia mzee asiyeweza kujiosha, mlemavu, mtoto aliyeondolewa kwenye nyumba isiyo salama, familia iliyokosa makazi na kuwekwa hotelini. Ongeza nyumba za kaunsili, vibali vya ujenzi, maktaba, taa na mashimo ya mitaani, maegesho, nafasi za shule. Ukitaka kupanua jiko lako uani, anayekuruhusu ni manispaa. Mwenye duka la kuku wa kukaanga akitaka kukesha, leseni anaiomba huko huko.

Fedha hizo kwa sehemu zinatoka serikali kuu, kwa sehemu kwenye kodi ya kaunsili, ambayo hulipwa na anayekaa ndani ya nyumba hata kama ni mpangaji. Nyumba zimepangwa kwa madaraja kuanzia A hadi H kufuata bei ya soko ya Aprili 1991. Ndiyo, 1991. Nyumba iliyojengwa mwaka jana, mtu hukaa chini akakisia ingeuzwa kiasi gani wakati ule. Anayekaa daraja la H hulipa mara tatu ya wa A, hata kama nyumba yake ina thamani mara ishirini. Anayeishi peke yake hupunguziwa robo, na nyumba ya wanafunzi watupu wa masomo ya kutwa hailipi. Nimekutana na watu waliolipa miaka mitatu kabla ya kuambiwa.

Diwani hawezi kupandisha kodi hiyo atakavyo. Serikali kuu huweka ukomo, miaka ya karibuni ukiwa takriban asilimia 5, na akitaka kuuvuka lazima aitishe kura ya maoni au apewe ruhusa maalumu. Croydon ilitangaza mwishoni mwa 2020 kwamba haiwezi kusawazisha hesabu zake, na mwaka 2023 ikaruhusiwa kupandisha kodi kwa karibu asilimia 15. Watu husema "kaunsili imefilisika". Kisheria manispaa haifilisiki kama duka: hulazimika kusimamisha matumizi mapya na kubaki na yale ya lazima kisheria. Maktaba mara nyingi huwa miongoni mwa vinavyoguswa mwanzo.

Asichokuwa nacho diwani ni hospitali, polisi, pensheni, vita na viza. Hapo namrudia binamu yangu wa Leicester, maana mji wake una hadithi yake. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasiende huko, eti nyumba na shule zimejaa. Walikwenda kwa maelfu, na leo Leicester haiwezi kuelezwa bila wao. Halmashauri ilikuwa na fedha za tangazo, ila haikuwa na mpaka, haikuwa na uwanja wa ndege, wala haikugonga muhuri kwenye pasipoti ya mtu. Hata leo haina. Mgombea udiwani anayekuahidi kupunguza wahamiaji anakuuzia bidhaa isiyo kwenye rafu zake.

Uvumi wa pauni 50,000

Bidhaa hiyo hununuliwa, hata hivyo, na Dagenham ya baba mdogo inajua vizuri.

Kati ya miaka ya 1921 na 1935 lilijengwa huko eneo la Becontree, nyumba kama 26,000 za serikali za mitaa, wakati huo likiwa kubwa kuliko yote ya aina yake duniani. Wafanyakazi wa London walitoka kwenye vichochoro vyenye unyevu wakapewa nyumba yenye bafu na bustani. Halafu ikaja sheria ya 1980 ya serikali ya Margaret Thatcher: mpangaji wa kaunsili ana haki ya kuinunua nyumba yake kwa bei ya punguzo. Walinunua, na ni nani asingenunua? Ila nyumba zilizouzwa hazikurudishwa kwa kujengwa nyingine za kutosha. Miaka ishirini baadaye mtoto wa mpangaji yuleyule anaomba nyumba ya kaunsili, anaambiwa asubiri, na jirani mpya kwenye nyumba iliyouzwa ni familia kutoka Nigeria au Kongo iliyopanga kwa mwenye nyumba binafsi.

Kwenye pengo hilo uvumi ukaota. Kabla ya uchaguzi wa 2006, chama cha BNP cha mrengo mkali wa kulia kilieneza kwamba upo mpango wa siri wa kuwapa Waafrika hadi pauni 50,000 kila familia wahame London ya kati wakanunue nyumba huko. Mpango huo haukuwapo. Lakini BNP ilipata viti 12 katika manispaa ya Barking na Dagenham, ikawa chama cha pili.

Miaka minne baadaye, Mei 2010, uchaguzi wa manispaa uliangukia siku moja na uchaguzi mkuu. Watu wakajitokeza kwa wingi ambao kura za mtaa peke yake huwa hazipati, na BNP ikapoteza viti vyote. Chama cha Labour kikachukua 51 kati ya 51.

Katika mwaka wa kawaida, idadi ya wanaojitokeza London huzidi theluthi kwa kidogo tu. Kwenye kata ya namna hiyo, msikiti mmoja au kanisa moja likiamua kwenda pamoja linaweza kubadilisha matokeo. Hata dimbani mwa timu ya Jumapili mna kura za kutosha.

Kamati ya harusi

Hapo utaniuliza: inawezekanaje chama kimoja kikachukua viti vyote 51? Kila mtu Dagenham ni Labour? La.

Chukua kamati ya harusi yenye watu 100, inachagua wajumbe watatu wa kusimamia fedha. Kila mtu ana kura tatu. Upande wa bwana harusi wapo 40, wa bibi harusi 35, majirani 25. Kila upande umesimamisha watu wake watatu na unawapigia hao hao. Zikihesabiwa, watu watatu wa bwana harusi wana kura 40 kila mmoja, wa bibi harusi 35, wa majirani 25. Watatu wa juu wanaingia. Upande wenye watu 40 umechukua fedha zote za harusi, na 60 waliobaki hawana hata mjumbe wa kuuliza mchele ulinunuliwa wapi.

Rudia hesabu hiyo kata baada ya kata, utafika 51 kwa 51. Barking na Dagenham imetoa matokeo hayohayo 2014, 2018 na 2022. Lewisham nayo, viti 54 kwa 54, mwaka 2018 na 2022. Mimi naona ni ubovu. Kaunsili isiyo na mpinzani hata mmoja ndani yake hukaguliwa na nani? Lakini ndiyo kanuni, na kanuni hiyo ndiyo inayokufanya uone vipeperushi vyenye michoro ya mihimili mirefu na mifupi, vikidai kwamba "hapa ni mbio za farasi wawili", yaani vyama viwili tu ndivyo vyenye nafasi ya kushinda. Tazama vipimo vya mihimili hiyo kwa makini kabla hujaamini. Mara nyingi aliyeichora hakutumia rula.

Alhamisi yenyewe

Kura hupigwa siku ya Alhamisi. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku. Huwa ni ukumbi wa shule, kanisa, maktaba, wakati mwingine hata baa, na hapo ndipo utakapomkuta mjomba wa Kiislamu nje akijishauri kama aingie. Muziki hakuna, wala kofia na fulana za bure. Mgombea wa kata yenye wapiga kura 10,000 haruhusiwi kutumia hata pauni 2,000 kwa kampeni nzima, na takrima ya chakula na vinywaji ili kumshawishi mpiga kura ni kosa la jinai.

Mlangoni anaweza kukukabili mtu mwenye ua la kitambaa kifuani, rangi ya chama, akakuuliza namba yako. Huyo si ofisa. Ni wakala wa chama anayetaka kujua nani wa kwao hajatokea ili waende kumgongea. Si lazima umjibu.

Tangu Mei 2023 lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda inakubalika, kwa sababu ni ya Madola. Leseni ya udereva ya Kenya haikubaliki. Ya Uingereza ndiyo. Asiye na chochote huomba cheti maalumu cha mpiga kura, bila malipo, kabla ya siku yenyewe.

Unapewa karatasi ndefu. Majina yamepangwa kwa alfabeti ya ukoo, kila moja na chama chake na nembo, na pembeni kisanduku. Juu imeandikwa idadi ya juu ya wagombea unaoweza kuwachagua, tuseme watatu. Unaweza kuchagua mmoja ukaacha. Ukiweka alama nne, yote imeharibika. Kwenye kibanda imefungwa penseli kwa uzi. Penseli! Wengi wetu tunaganda hapo, kwa sababu tunakotoka kilichoandikwa kwa penseli kinafutika. Hakuna anayekukataza kutumia kalamu yako.

Nyuma ya karatasi pana namba, na hofu nyingine huzaliwa hapo: "wanajua nilimpigia nani". Namba ipo ili kura bandia ziweze kusakwa. Orodha inayoiunganisha na jina lako hufungwa kwa lakiri, haifunguliwi bila amri ya mahakama, na baada ya mwaka huharibiwa.

Kura zikilingana, hakuna marudio: inapigwa kura ya bahati. Mwaka 2017, katika kaunti ya Northumberland, kata ya South Blyth iliamuliwa kwa kuvuta vijiti baada ya wagombea wawili kulingana. Chama cha Conservative kilivuta kile kifupi, na kwa kiti hicho kimoja kikakosa wingi wa viti kwenye halmashauri ya kaunti nzima.

Niliyaandika haya yote kwa baba mdogo kwa vipande, usiku ule. Akanyamaza muda mrefu, kisha akajibu kwamba lori la taka limeshapita na kadi imekwenda. Nikamwambia kadi si lazima, inakukumbusha tu kituo kilipo, abebe pasipoti. Akasema imekwisha muda tangu mwaka juzi. Nikamwambia hata hiyo inafaa, ilimradi jina ni lilelile na picha inafanana naye.

Alituma picha ya ukurasa wa pasipoti. Kijana mwembamba, nywele kichwa kizima, hana hata unywele kidevuni. Sasa grupu zima linajadili kama anyoe ndevu.